Rekodi za Ngamia, Mpaka Zinapogota kwa Mbung'o

Ngombezi, nje kidogo ya mji wa Korogwe, hakuna ngamia. Kuna mkonge. Ukitaka kumwona bingwa wa ukame wa eneo hilo, simama kando ya shamba wakati wa kiangazi kikali. Mahindi ya jirani yameshajikunja majani, ng'ombe wanatafutiwa maji, na mkonge umesimama vilevile kwenye mistari yake, kana kwamba habari za mvua haziuhusu.

Mmea huu ni mgeni, kwao Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na mwaka 1893 vilipofika pwani yetu vilivyokuwa hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 ikatoka tasnia nzima ya manamba, korona na singa, iliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani. Mwaka 1964 zilizalishwa tani zipatazo 230,000.

Ngamia naye ana asili ya upande huohuo wa dunia. Wengi wetu tukisikia jina lake tunaona Arabuni: mchanga, msafara, kilemba. Lakini ukoo wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini, ukakaa huko peke yake kwa zaidi ya miaka milioni 30 kabla ya mmoja wao kukanyaga Asia. Kwa hiyo tunao Wamarekani wawili, wote mafundi wa kubana maji, wote wakaletwa Afrika Mashariki. Mmoja akaota mizizi Ngombezi. Mwingine, mwenye sifa kubwa zaidi, akaishia mbali kaskazini. Rekodi zake ni nyingi na nitazipitia, nyingine kwa haraka. Ile ninayoiona nzito zaidi kwetu watu wa Tanga ni rekodi ya kushindwa kwake.

Mdogo wa ukoo, na jitu lake

Ngamia wa kwanza tunaowajua walikuwa na kimo cha sungura. Wataalamu wamempa mmoja wao jina la Protylopus. Aliishi miaka milioni 40 na zaidi iliyopita katika misitu ya Amerika, hana nundu, na jangwa halijui. Miaka milioni kadhaa baadaye akatokea Poebrotherium, wa ukubwa wa mbuzi. Halafu ukoo ukatawanyika kama ukoo wowote wenye watoto wengi. Aepycamelus alirefuka miguu na shingo akafanana na twiga, akala majani ya juu ya miti. Wengine wakabaki wadogo na wepesi kama swala.

Upande wa majitu, nampa taji ngamia wa Syria aliyetangazwa mwaka 2006, baada ya mifupa yake kufukuliwa katika bonde la El Kowm. Aliishi miaka kama 100,000 iliyopita, na bega lake lilikuwa juu mita 3 kutoka ardhini. Mtu mrefu akinyoosha mkono asingeligusa. Katika eneo hilohilo walikuwepo binadamu waliotumia zana za mawe, na inaelekea walimla.

Wa kaskazini kuliko wote

Hii ndiyo rekodi inayoharibu picha yote tuliyozoea. Katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, mtafiti Natalia Rybczynski na wenzake waliokota vipande kama 30 vya mfupa. Walikwenda huko mwaka 2006, wakarudi 2008 na 2010, kila mara wakiongeza vipande vichache. Ukiviona ungedhani ni vibanzi vya mti. Vilipounganishwa vikawa sehemu ya mfupa wa muundi wa mnyama mkubwa wa kwato, lakini mnyama gani?

Jibu lilitoka Manchester. Baridi ya kule ilikuwa imehifadhi protini ya kolajeni ndani ya mfupa kwa miaka milioni 3.5. Mtaalamu Mike Buckley akailinganisha na ya wanyama wengine wengi, na iliyokaribiana nayo zaidi ikawa ya ngamia. Matokeo yalichapishwa Machi 2013. Mnyama yule alikuwa mkubwa kuliko ngamia wa leo kwa karibu theluthi moja, na aliishi kwenye msitu, mahali ambapo majira ya baridi yalichukua nusu ya mwaka na jua halikuonekana kwa miezi.

Sasa fikiria upya kila unachokijua juu ya umbo lake. Nundu ya mafuta ni akiba inayofaa mtu anayesubiri miezi sita ya giza na theluji. Wayo mpana, laini, unaotanuka, haudidimii kwenye theluji kama usivyodidimia kwenye mchanga. Jicho linaloona vizuri penye mwanga hafifu lina kazi katika usiku mrefu. Watafiti hao hawakudai kwamba wamethibitisha haya yote. Walisema inawezekana vifaa ambavyo leo tunaviita vya jangwani vilianza kama vifaa vya baridi. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, kwa sababu ndugu yake wa Gobi, mwenye nundu mbili, hadi leo anaishi kwenye baridi ya nyuzijoto 40 chini ya sifuri na joto la 40 juu yake, na hana shida na lolote kati ya hayo mawili.

Mhamaji

Kiasi cha miaka milioni 7 iliyopita, bahari ilipopungua na Alaska ikaungana na Siberia, ngamia walivuka kwenda Asia. Wenzao walishuka kusini baadaye. Wajukuu wao ndio walama, alpaka, vikunya na guanako wa milima ya Andes. Waliobaki nyumbani Amerika Kaskazini wakaja kutoweka mwishoni mwa zama za barafu, kati ya miaka 13,000 na 11,000 iliyopita. Kwa hiyo serikali ya Marekani ilipoagiza ngamia kwa meli mwaka 1856 kwa ajili ya jeshi lake huko Texas, ilikuwa inawarudisha kwao bila kujua. Jaribio lile lilikufa pamoja na vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe.

Walioingia Asia hawakuishia Asia. Mwaka 1969 jarida la Nature lilichapisha taarifa ya visukuku vya ngamia kutoka Kenya na Tanzania, na mwaka 2014 ngamia mwingine wa kale, wa bonde la Omo nchini Ethiopia, alipewa jina lake la kisayansi, Camelus grattardi. Kumbe katika enzi za wale wanaadamu wa kale wa bonde la Ufa, ngamia pori walikuwepo nchini mwetu. Wakapotea. Waliorudi ni wa kufugwa, na hao ni wageni kabisa: ngamia mwenye nundu moja alifugwa kwa mara ya kwanza yapata miaka 3,000 iliyopita, kusini-mashariki mwa Bara Arabu. Ng'ombe, mbuzi na punda walikuwa tayari na maelfu ya miaka wakiwa wamefungwa kamba.

Ndugu zake pori wenye nundu moja wametoweka wote. Wale unaosikia wanazurura Australia ni wa kufugwa waliotoroka, au tuseme walioachwa. Wa kwanza kufika huko, mwaka 1840, aliitwa Harry. Mwaka 1846 mpelelezi John Horrocks alikuwa akijaza bunduki yake pembeni ya Harry, ngamia akatikisika, bunduki ikalia, na Horrocks akafa kwa majeraha. Ngamia akahukumiwa kifo. Nadhani ndiye mpelelezi pekee aliyepigwa risasi na kipando chake.

Kukaukiwa, kunywa, na kuchemka bila kufa

Mtu aliyetutoa kwenye hadithi akatuingiza kwenye vipimo ni Knut Schmidt-Nielsen, mzaliwa wa Norway. Mwaka 1953 yeye na mkewe Bodil, aliyekuwa mwanasayansi pia, walihamia na familia yao Béni Abbès, kwenye oasisi ya Sahara nchini Algeria, wakanunua ngamia na kuanza kuwapima: uzito, mkojo, joto la mwili, jasho.

Kitu cha kwanza kilichoanguka ni ile imani kwamba nundu ni tangi la maji. Nundu ni mafuta, na kwa ngamia aliyeshiba yanaweza kupita kilo 30. Hata ule utetezi wa wasomi, kwamba mafuta yakiunguzwa mwilini hutoa maji, hausimami: ili kuyaunguza inabidi apumue zaidi, na pumzi huondoka na maji. Faida ya nundu, mbali na chakula, ni kwamba mafuta yamekusanywa mahali pamoja, hayakutandazwa chini ya ngozi yote kama blanketi. Joto lina pa kutokea.

Basi maji anayaweka wapi? Hayaweki popote. Siri yake ni kwamba hayatumii, na akiyakosa hafi. Mtu akipoteza maji ya kiasi cha asilimia 12 hivi ya uzito wake katika joto kali yuko kaburini, kwa sababu damu yake inakuwa nzito, moyo unashindwa kuisukuma, joto la ndani linapanda ghafla. Ngamia hupoteza robo ya uzito wake na bado anatembea. Maji anayopoteza hutoka zaidi kwenye tumbo na kwenye nyama. Damu inabaki inakwenda. Mbavu zinahesabika, macho yameingia ndani, lakini ukimfikisha kisimani ananyanyuka tena.

Na hapo kisimani ndipo ilipo rekodi anayopendwa kwayo: zaidi ya lita 100 kwa dakika kama 10. Mnyama mwingine angekufa kwa kunywa hivyo, kwani maji yakiingia kwenye damu kwa kishindo chembe nyekundu huvimba na kupasuka. Za ngamia zina umbo la yai, tofauti na chembe za mviringo za mamalia wasio wa ukoo wake, na zinaweza kuvimba kupita mara mbili ya ukubwa wake bila kupasuka. Akimaliza kunywa, mbavu zimeshafunikwa. Anaonekana kama mnyama mwingine.

Lakini kama ningepewa kombe moja tu la kutoa, ningelipeleka kwenye kipimo cha joto la mwili. Sisi tukifika nyuzijoto 38 na nusu tunatafuta dawa. Ngamia mwenye kiu huamka alfajiri akiwa na joto la 34. Jua likipanda, hatoki jasho. Anaacha mwili upate moto pole pole, 36, 38, 40, mpaka alasiri anapita 40, ndipo anapoanza kutoa jasho. Usiku hewa ya jangwa ikipoa, moto ule wote unatoka bure, bila tone la maji. Kwa ngamia wa kilo 500, hesabu ya Schmidt-Nielsen ilionyesha kwamba hila hii huokoa karibu lita 5 za maji kila siku. Na jambo la kuvutia ni kwamba akinyweshwa vizuri haifanyi: joto lake hubadilika kwa nyuzi 2 hivi tu. Anabana matumizi pale tu mfuko ulipotoboka.

Hapo ndipo mkonge wa Ngombezi unapoingia tena, kwa sababu unafanya biashara ileile. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa, na kila kitundu kikifunguka maji yanapotea. Mkonge hufunga vitundu vyake jua likiwa kali, ukavifungua usiku, ukavuta hewa na kuiweka akiba kama asidi ndani ya jani, kisha mchana ukaitumia milango ikiwa imefungwa. Mnyama na mmea, wasiokuwa na undugu wa karibu, kila mmoja aligundua kwamba deni la mchana hulipwa usiku kwa bei nafuu.

Mengine nitayataja mbiombio. Pua yake ina njia zilizojipindapinda ambazo usiku hupoza pumzi inayotoka na kuyarudisha maji mwilini. Figo hutoa mkojo mchache na mzito. Kinyesi hutoka kikavu kiasi cha kufaa kuwashia moto siku hiyohiyo. Manyoya ya mgongoni, ambayo mtu angedhani yanamchemsha, yanamkinga: Schmidt-Nielsen alimnyoa mmoja, na matumizi yake ya maji yakapanda kwa nusu. Kope ziko safu mbili, pua hufungwa apendapo.

Je, anakaa muda gani bila kunywa? Inategemea, na hapa watu huongeza chumvi sana. Katika Sahara majira ya baridi, akila majani mabichi, anaweza kupitisha miezi miwili bila kuonja maji. Kiangazi, akiwa na mzigo, wiki moja inatosha kumtesa.

Aliyeokoka mabomu

Ngamia pori wa nundu mbili, spishi tofauti na yule wa kufugwa, wamebaki chini ya 1,000 duniani kote, katika Mongolia na China. Baadhi wanaishi Lop Nur. Huko China ilifanya majaribio ya mabomu ya nyuklia 45 kati ya mwaka 1964 na 1996, na ngamia walikuwepo muda wote. Wanakunywa maji ya chemchemi zenye chumvi kali ambayo hata ngamia wa kufugwa huyakataa. Zoezi la mabomu liliwazuia watu kuingia. Lilipokwisha wakaja wachimba madini na wawindaji, na hao wamewadhuru kuliko mabomu.

Damu iliyowashangaza wanafunzi wa Brussels

Mwaka 1993 Raymond Hamers na wenzake wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel walitangaza kwamba katika damu ya ngamia kuna aina ya kingamwili ambayo haikutarajiwa. Za kwetu zimeundwa kwa minyororo mizito miwili na myepesi miwili. Za ngamia, nyingine zina minyororo mizito tu. Jambo lilianzia kwenye zoezi la darasani: wanafunzi walipewa damu ya ngamia iliyokuwa kwenye jokofu la maabara, wakapata matokeo yasiyoeleweka. Ncha za kingamwili hizo ni ndogo na ngumu kuharibika, zinapenya mahali ambapo kubwa hazipenyi. Dawa ya kwanza iliyotokana nazo, kaplasizumabu, kwa ugonjwa adimu wa damu kuganda, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018.

Mwaka huohuo wa 2018 Saudi Arabia iliwatoa ngamia 12 kwenye mashindano ya urembo kwa sababu walidungwa Botox midomoni. Na Dubai, Aprili 2009, alizaliwa Injaz, ngamia wa kwanza duniani aliyenakiliwa kutoka kwenye chembe ya mwingine. Kwenye mbio za Ghuba siku hizi mpanda ngamia ni roboti ya kilo chache, baada ya kelele za dunia dhidi ya kuwapandisha watoto wadogo. Hayo yanatosha kuhusu fedha za mafuta.

Wengi kuliko wote wako jirani

Watu husema ngamia ni mnyama wa Arabuni, lakini idadi yake kubwa iko Afrika. Somalia imehesabiwa kwa miongo mingi kuwa nchi yenye ngamia wengi kuliko karibu zote. Kenya, sensa ya mwaka 2009 ilihesabu milioni 2.97, ile ya 2019 ikakuta milioni 4.6. Ukame uliokuwa ukimaliza ng'ombe ndio uliosukuma watu kwa ngamia. Warendile, Wagabra na Wasomali wamekuwa naye siku zote. Wasamburu, watu wa ng'ombe hasa, wamemwingiza bomani katika vizazi vya karibu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ngamia wa dunia nzima wamechanganyikana sana kwa sababu ya misafara, isipokuwa wa Afrika Mashariki: hawa walikaa pembeni wakawa na damu yao.

Maziwa yake ndiyo yaliyomleta mjini. Kila siku maziwa hutoka Isiolo kwa basi, kwenye madumu, hadi Eastleigh, Nairobi, na biashara hiyo imeshikwa na wanawake. Mengine hugandishwa kuwa susa. Yana vitamini C mara kadhaa kuliko ya ng'ombe, jambo la maana kwa mtu anayeishi penye mboga haba; maziwa na nyirinyiri vinaweza kumtosha mchungaji kwa majuma.

Kenya ina rekodi nyingine mbili nizipendazo. Tangu mwaka 1990 Maralal huandaliwa mbio za kimataifa za ngamia, na mtu yeyote mwenye ujasiri anaweza kuingia. Na tangu 1996, huko Garissa, idara ya maktaba ya taifa imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia kwenye shule na vijiji ambavyo gari likienda halirudi. Mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka. Sijui maktaba nyingine inayokula miiba ya barabarani.

Safari ndefu isiyofika popote

Pwani nayo ilikuwa na ngamia wake, lakini sidhani kama kuna aliyewahi kumwonea wivu. Unguja mjini, Lamu na Mombasa, ngamia walizungusha vinu vya kushindikia mafuta ya ufuta. Amezibwa macho, amefungwa kwenye boriti, anazunguka kinu ndani ya chumba chenye harufu ya mafuta, tangu asubuhi. Ukizikunjua hatua zake za miaka yote zikawa njia moja, angeshafika Hijazi akarudi mara nyingi. Washairi wetu walimtendea vyema zaidi: kuna Utendi wa Ngamia na Paa, ambamo ngamia anapata nafasi ya kumlalamikia Mtume. Ningekuwa ngamia wa kinu, ningekuwa na mengi ya kusema.

Hawa wa pwani waliishi kwa sababu waliishi mjini, mbali na kichaka.

Mahali rekodi zinapogota

Machi 1866, David Livingstone alishuka Mikindani, kusini mwa Tanzania ya leo, akiwa na kundi la ajabu la wanyama waliopakiwa kutoka Bombay: ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama mmoja, nyumbu 2 na punda 4. Hakuwa na wazimu. Alikuwa ameona farasi na ng'ombe wakifa kusini mwa Afrika, akataka kujaribu kama ngamia na nyati wangestahimili mbung'o. Wakaanza kupanda bonde la Ruvuma.

Mbung'o wakawauma. Askari wa Kihindi waliopewa kazi ya kuwatunza nao wakawapiga na kuwabebesha kupita kiasi, mpaka Livingstone mwenyewe akawa hajui kama vidonda anavyoviona ni vya mdudu au vya fimbo. Katika miezi michache ngamia wakaanza kufa mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Chanzo hasa kingejulikana karibu miaka 30 baadaye, pale David Bruce huko Zululand alipoonyesha kwamba mbung'o hueneza kimelea kinachoishi ndani ya damu. Damu ileile ya chembe zenye umbo la yai, inayohimili kiu kuliko damu yoyote, haikuwa na kinga dhidi ya kijidudu kinachoogelea ndani yake.

Ndiyo sababu mizigo ya nchi hii ilibebwa na mabega ya watu. Misafara iliyopanda bonde la Pangani kwenda Umasai, ikipita karibu na hapa Korogwe, ilikuwa ya wapagazi. Livingstone alipokufa mwaka 1873, waliobeba maiti yake hadi Bagamoyo walikuwa watu kwa miguu, wakiongozwa na watumishi wake Susi na Chuma. Juni 1916 Waingereza walipoteremka bonde hilohilo wakaiteka Korogwe kisha Handeni, farasi, nyumbu na maksai wao walikufa kwa maelfu kwa maelfu katika vita ile ya kwanza ya dunia, na tena pengo likazibwa na wapagazi, ambao nao walikufa kwa makumi ya maelfu.

Mbung'o huyu si wa vitabuni. Miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi Mkwaja, kusini mwa Pangani, ipate nyama ya kulisha wafanyakazi wa mashamba. Ng'ombe walikuwa wa damu ya Boran, jamii inayotoka nchi za ngamia kwenye mpaka wa Kenya na Ethiopia. Kwa karibu nusu karne waliwekwa hai kwa sindano, majosho na kufyeka vichaka. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, na ardhi yake sasa iko ndani ya Hifadhi ya Saadani. Pori la Handeni lina sifa kama hiyo. Wazee huko wanajua ni vichaka gani ng'ombe hapitishwi mchana.

Halafu kuna tope. Wayo uliotengenezwa kwa theluji na mchanga huteleza kwenye udongo wa mfinyanzi wenye maji. Miguu ikichanuka, ngamia anaweza kuvunjika nyonga asiinuke tena. Masika ya Korogwe hayakumfikiria. Nzi wakubwa wanaofuata mvua humpa ugonjwa wa damu uitwao sura, hata pasipo mbung'o, na unyevunyevu humletea ukurutu wa ngozi. Mkonge, ambao hauna damu, uliyakwepa yote hayo.

Tanzania ngamia wanaoishi vizuri wako juu, penye ukavu. Miaka ya 1990 shirika la Heifer liliwaleta kwa wafugaji wa Kimasai wa kaskazini, na leo utawakuta Longido na Monduli, na Mkuru chini ya Mlima Meru wanabeba watalii. Hawagombanii majani na ng'ombe, maana wanakula matawi ya miti kwa urefu usiofikiwa na mbuzi, na kiangazi ng'ombe anapokauka chuchu, ngamia bado anakamuliwa.

Tatizo ni rekodi yake moja isiyotangazwa, ya uzazi wa polepole. Mbuzi hubeba mimba miezi 5, ng'ombe 9, ngamia 13. Jike hupata ndama wa kwanza akiwa na miaka 5 hivi, kisha hupita karibu miaka miwili kabla ya mwingine. Mfugaji wa Longido anayeanza na majike wawili leo, na asipoteze hata mmoja kwa fisi wala kwa ugonjwa, kundi la kueleweka litahesabiwa na wanawe.